Kutoka Kuonja Mkojo Hadi Kistika cha Mkononi: Historia ya Kupima Sukari, na Namna Buzwagi Inavyoingia

Wengi mjini walikiona kwa mara ya kwanza kwenye picha za mastaa. Mwaka 2022 binti mmoja mwanamitindo, ambaye mama yake alitamba kwenye majukwaa ya mitindo miaka ya 1990, alitokea Met Gala na gauni jepesi huku kifaa chake cha kisukari kikionekana mwilini, wala hakuhangaika kukificha. Kabla yake, mwanamama mmoja aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza alipigwa picha kwenye dhifa akiwa na kiduara cheupe nyuma ya mkono. Mwimbaji mmoja wa Marekani, mdogo kuliko wote katika kundi la ndugu watatu, alikipigia debe kwenye tangazo la Super Bowl 2021. Halafu akaja bingwa wa marathoni kutoka Kenya, yule ambaye hata asiyefuatilia riadha anamjua, naye akakibandika mazoezini. Huyu hana kisukari hata kidogo.

Kidude chenyewe kwa mbali utadhani kizibo cha soda. Ni kihisi, au wengi wanavyosema siku hizi, sensa (sio ile ya watu na makazi). Kinabandikwa mkononi au tumboni, kinakaa siku kadhaa, na muda wote huo kinasoma sukari mwilini na kuirusha kwenye simu. Hutoboi kidole kila saa, hutafuti pamba. Unafungua simu kama unavyoangalia salio.

Na hii ndio habari yenyewe: kabla hakijafika kwenye mkono wa staa, kipimo cha sukari kimepita kwenye ulimi wa daktari, kwenye bomba la maabara lililopashwa moto, kwenye mashine ya kilo nzima na kwenye vidole vilivyoota sugu. Na njiani kimechukua vitu viwili ambavyo Kahama inavijua vizuri kuliko Hollywood: shaba na dhahabu.

Buzwagi haihitaji utambulisho mrefu. Ni ule mgodi wa jirani kabisa na mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, ambao mkataba wake ulisainiwa London mwezi Februari 2007, na Agosti mwaka huo huo mbunge mmoja kijana wa upinzani kutoka Kigoma akasimamishwa Bunge kwa kuuhoji. Kuanzia hapo neno "Buzwagi" likahama kutoka kwenye ramani na kuingia vijiweni. Uzalishaji ulianza 2009. Mwaka 2017 likaja sakata la makinikia, yale makontena ya mchanga yaliyozuiwa bandarini Dar, na nchi nzima ikajifunza kwamba mchanga ule haukuwa na dhahabu peke yake. Ulikuwa na shaba na fedha pia. Mwaka 2021 uchimbaji ukafika mwisho, na mpango ukawa kuligeuza eneo kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi.

Tuanze na shaba.

Zamani sana, waganga wa India waliona kwamba mkojo wa wagonjwa fulani unavuta siafu na sisimizi. Wakaupa ugonjwa jina lenye maana ya mkojo wa asali. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha sukari duniani: mdudu. Uingereza, karne ya 17, daktari Thomas Willis alikwenda hatua ambayo leo hakuna daktari angeikubali hata kwa posho. Aliuonja. Akaandika kwamba ni mtamu ajabu, kama uliotiwa asali. Mwaka 1776 mwenzake Matthew Dobson wa Liverpool akauchemsha mpaka ukakauka, akabaki na unga mweupe wenye ladha ya sukari, na akagundua kwamba hata maji ya damu ya mgonjwa yana utamu. Pale ndipo ilipoanza kueleweka kwamba tatizo haliko kwenye figo tu. Sukari imejaa kwenye damu, na mkojo ni pale inapomwagikia.

Kama ulisoma Baiolojia sekondari, sehemu inayofuata unaijua kwa mikono yako. Kumbuka ile siku ya praktiko: unamimina kimiminika cha bluu kwenye bomba la kioo, unachanganya na juisi ya chakula, unapasha moto, unasubiri. Ikigeuka kijani, sukari kidogo. Njano, imeongezeka. Rangi ya tofali, imejaa. Ni kemikali ya Benedict, imepewa jina la Mmarekani Stanley Benedict aliyeitoa mwaka 1908, na ile bluu yake inatokana na chumvi ya shaba. Wengi walikariri rangi ili wapate alama, bila kuambiwa kwamba kwa miongo kadhaa hicho ndicho kilikuwa kipimo cha mgonjwa wa kisukari duniani. Mtu alichemsha mkojo wake jikoni asubuhi, juu ya moto ule ule uliopikia chai, akasoma rangi.

Shida ya mkojo ni kwamba unachelewa kusema. Kwa watu wengi sukari inaanza kumwagikia kwenye mkojo pale tu inapopita takriban 10 kwenye damu, kwa kipimo cha milimoli kwa lita kinachotumika hospitali zetu. Na mkojo wa asubuhi unasimulia mambo ya usiku, sio ya sasa hivi. Baya zaidi, hauwezi kabisa kukwambia kwamba sukari imeshuka. Baada ya insulini kuanza kutumika Toronto mwaka 1922, hiyo ndiyo ikawa hatari mpya: dawa inayookoa inaweza kuangusha. Ukidunga nyingi kuliko ulichokula, unatetemeka, jasho baridi linakutoka, unaongea visivyoeleweka, unazimika. Bluu kwenye bomba ingekwambia "safi" huku mtu anakata moto.

Mwaka 1965 kampuni ya Ames ya Marekani ikatoa Dextrostix, kijiti cha karatasi cha kudondoshea damu. Unahesabu sekunde 60, unaosha kwa maji, unalinganisha rangi na chati. Miaka michache baadaye mhandisi wao Anton Clemens akatengeneza mashine ya kusoma rangi ile badala ya jicho. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, bei karibu dola 500, na iliuzwa kwa madaktari. Mgonjwa hakutegemewa kuwa nayo nyumbani. Mwanamume mmoja Mmarekani mwenye kisukari aliipata kwa sababu mkewe alikuwa daktari, akawa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kujipima wenyewe nyumbani. Wengine wote walisubiri kliniki.

Lakini mapinduzi yenyewe yalishaanza pembeni, kimya kimya. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons walieleza wazo hili: chukua kimeng'enya kinachokula glukosi, kibandike kwenye waya wa umeme, uache umeme ukwambie kimekula kiasi gani. Kimeng'enya hicho kinapatikana kwa ukungu, ndugu wa ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Kinapokutana na glukosi, kinainyang'anya elektroni. Ukiweka waya karibu, elektroni zinapita, na mkondo unapatikana. Sukari nyingi, mkondo mkubwa. Sukari kidogo, mkondo mdogo. Mambo ya rangi yakawa yameisha. Sasa ni namba.

Hapo ndipo dhahabu inapoingia. Waya wa kusikia mkondo mdogo namna hiyo hauwezi kuwa wa chuma cha kawaida, maana utashika kutu na kuanza kusema uongo. Unahitaji metali isiyogombana na chochote: platinamu, paladiamu, dhahabu. Vijiti vingi vya kupimia kidoleni vina njia nyembamba za umeme, na baadhi yake zimepakwa dhahabu kwa unene ambao jicho haliuoni. Hata baadhi ya vihisi vya kubandika vina dhahabu kwenye waya zake. Hakuna anayeweza kukuonyesha kijiti na kusema chembe hii ilitoka Buzwagi au Geita. Dhahabu ikishayeyushwa haina kabila. Ila inachekesha kidogo, kicheko chenye uchungu, kwamba eneo lililotoa dhahabu na shaba miaka yote hiyo ni eneo ambalo mgonjwa anaweza kufika kituo cha afya akaambiwa vijiti vimeisha.

Turudi kwenye historia. Kutoka waya wa maabara mpaka mkononi ilichukua zaidi ya miaka 30. Miaka ya 1970 kulikuwa na Biostator, dubwana lililokaa pembeni mwa kitanda cha hospitali likivuta damu ya mgonjwa muda wote. Lilifanya kazi, ila umeshafungwa nalo, huendi popote. Mwaka 1982 Wajapani chini ya Motoaki Shichiri wakaonyesha kihisi cha mfano wa sindano ambacho mtu angeweza kuvaa. Mwaka 1987 ikatoka mashine ya kidoleni yenye umbo la kalamu, matunda ya utafiti wa Oxford na Cranfield huko Uingereza, na kwa mara ya kwanza kipimo cha umeme kikaingia mfukoni.

Kihisi cha kwanza cha mfululizo kuruhusiwa Marekani kilikuwa cha MiniMed, Juni 1999. Usiwaze simu. Kilikaa siku tatu, na mgonjwa mwenyewe hakuona namba hata moja! Alirudi kwa daktari, daktari akapakua data, ndipo wote wawili wakajua Jumanne usiku kulitokea nini. Mwaka 2001 ikaja saa ya mkononi iliyovuta sukari kupitia ngozi kwa umeme mdogo, bila sindano kabisa. Ilionekana kama ndio jibu. Ikawachoma watu ngozi, na haikudumu sokoni. Mpaka leo, kila ukiona tangazo mtandaoni la saa ya bei poa "inayopima sukari bila kutoboa", kumbuka kwamba kampuni kubwa zenye mabilioni zimelihangaikia jambo hilo kwa miongo na bado. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mtu wa insulini akiiamini saa ya aina hiyo anacheza na roho yake.

Kilichobadilisha mchezo ni udogo. Mkemia Adam Heller, aliyenusurika na mauaji ya Wayahudi akiwa mtoto na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Texas, alitafuta namna ya kukiunganisha kimeng'enya moja kwa moja na waya, kama vile kukivutia nyaya zake chenyewe. Yeye na mwanawe wakaanzisha kampuni mwaka 1996, na kwanza wakatoa kijiti kilichohitaji tone dogo sana la damu, theluthi moja tu ya mikrolita. Abbott wakainunua kampuni mwaka 2004. Miaka kumi baadaye, 2014, ikaingia sokoni Ulaya FreeStyle Libre: kiduara cha kubandika chenye uzi laini unaozama kama milimita 5 chini ya ngozi na kukaa siku 14. Hakikuhitaji kutobolewa kidole ili kurekebishwa; kilitoka kiwandani kikiwa tayari. Wapinzani wao wakubwa, Dexcom, nao wakashusha vya kwao. Mwaka 2024 Marekani ikaruhusu cha kununuliwa dukani bila cheti cha daktari.

Uzi ule haugusi damu. Unakaa kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, na sukari hutoka kwenye damu kwanza ndipo ifike huko. Kwa hiyo kihisi kiko nyuma kwa dakika kadhaa, hasa sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Ndio maana mtu akijisikia kutetemeka huku simu inasema yuko sawa, ushauri ni kuusikiliza mwili na kutoboa kidole kuhakikisha. Kinachokifanya kiwe cha maana kuliko kidole ni mshale. Kidole kinakwambia 6. Kihisi kinakwambia 6 na inashuka. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa kwa mtu anayetaka kulala, au anayetaka kushika usukani.

Na usukani Kahama na Geita sio utani. Chukua opareta wa dampa mgodini, anayetumia insulini, zamu ya saa 12, joto, chakula cha muda usioeleweka. Sukari ikimshuka atayumba, atajibu hovyo, atakasirika bila sababu. Kwa mtu wa pembeni huyo ni mlevi. Apulizishwe kipimo cha pombe, kitasoma sifuri, na bado kuna atakayeapa kwamba jamaa ana kitu kingine kichwani. Kwa mchimbaji mdogo kwenye duara hakuna hata hicho kipimo cha pombe. Akianguka, yatasemwa mashetani, yatasemwa masharti ya dhahabu aliyoyavunja. Sukari hutajwa mwisho, ikitajwa. Na sio kwamba watu wa huko ni wajinga. Ugonjwa wenyewe una dalili za kuazima.

Kwa muda mrefu hata wataalamu waliuona kisukari kama ugonjwa wa wakubwa wa mjini. Miaka ya 1980 kundi la madaktari wa Muhimbili likiongozwa na Donald McLarty lilizunguka vijiji vya Tanzania likipima watu zaidi ya 6,000, na matokeo yaliyochapishwa 1989 yakaonyesha wenye kisukari hawafiki hata mmoja kati ya 100. Kundi hilo hilo lilifuatilia wagonjwa wapya 1,250 wa Dar es Salaam kati ya 1981 na 1987, na picha ilikuwa chungu: watu wengi walikufa mapema kwa mambo yanayozuilika. Ikapita miaka. Utafiti wa kitaifa wa 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ukakuta zaidi ya 9 kati ya 100 wana sukari ya juu. Sampuli na njia hazifanani moja kwa moja, lakini hata ukikata makali ya tofauti hiyo, hadithi ya "ugonjwa wa matajiri" imekufa.

Kuna jambo jingine la Kanda ya Ziwa ambalo huwezi kulikuta kwenye video za mastaa. Kipimo kikubwa cha kliniki, kile kinachoangalia wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, kinaitwa HbA1c, na hakipimi sukari yenyewe. Kinapima sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Sasa, utafiti uliofanyika kwa watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi, Shinyanga na Geita zikiwemo, ulikuta kama mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha sikoseli. Wengi wao hawaumwi kabisa na hawajui. Lakini tafiti za nje zimeonyesha kwamba kwa mtu wa namna hiyo HbA1c inaweza kusoma chini kuliko ukweli. Ongeza upungufu wa damu, ongeza malaria inayoharibu chembe. Mtu anaambiwa "upo vizuri" kwa sababu damu yake haikai muda wa kutosha kunatiwa na sukari. Kihisi hakijali chembe nyekundu. Kinaisoma sukari yenyewe. Kwa hiyo unaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba Kahama ina sababu ya kukihitaji ambayo hata London haina kwa kiwango hicho.

Tatizo ni bei. Uingereza ilipoanza kuwapa wagonjwa wake kupitia huduma ya taifa mwaka 2017, kihisi kimoja kiliwekwa kwenye bei ya pauni 35, kwa viwango vya wakati ule zaidi ya shilingi 100,000. Kinaisha baada ya wiki mbili. Piga mara 26 kwa mwaka. Kule serikali inalipa. Watafiti waliwahi kuwabandikia watoto na vijana wa Kenya na Uganda wenye kisukari cha aina ya kwanza, kwa wiki mbili, kwa mtindo wa kuficha namba, na wakaona sukari yao ikikaa nje ya mstari sehemu kubwa ya muda. Kimaarifa ni dhahabu. Kwa mtoto mwenyewe, baada ya wiki mbili stika ikabanduliwa.

Wakati huo huo kidude hicho hicho kikawa toy ya wasioumwa. Abbott walitoa toleo la wanamichezo Ulaya mwaka 2020, wakimbiaji na waendesha baiskeli wakalidaka, mpaka chama cha baiskeli duniani kikakipiga marufuku kwenye mashindano mwaka 2021. Mwaka 2023 Mmarekani mmoja aliyemaliza wa tatu kwenye mbio za Strade Bianche alifutwa matokeo kwa sababu alikutwa nacho mwilini. Siku hizi kuna wanaojirekodi wakila wali kisha wanaonyesha mstari unavyopanda, kama vile wamegundua siri. Wali unapandisha sukari, ndio. Hata bibi wa Kahama anayekula matobolwa na chai angekwambia. Kwa mtu mzima asiye na kisukari mstari kupanda na kushuka baada ya kula ni kazi ya mwili, na bado hakuna ushahidi wa maana kwamba kuukodolea macho kunamrefushia maisha.

Ukitaka kuona wa kwao hasa, nenda siku ya kliniki ya kisukari kwenye hospitali yoyote ya kanda ile. Utakuta madaftari. Ya mistari, ya hesabu, yamekunjwa pembe, na ndani tarehe na namba za sukari kwa wenye vijiti. Wauguzi wanajua kuyasoma hata pasipoandikwa. Ukurasa mzima wa kalamu moja, wino mmoja, namba zote 5 na 6, unaandikwa jana usiku ili mtu asigombezwe. Wagonjwa duniani kote wamefanya hivyo, Ulaya na Marekani pia. Kihisi hakidanganyi kwa aibu namna hiyo. Kinaandika saa tisa usiku, watu wamelala, sukari ikiwa 3 na mshale ukiangalia chini, na vya kisasa vinapiga kengele simu iamshe nyumba.

Kwenye nyumba isiyo nacho, mama mwenye mtoto wa insulini huamka mwenyewe. Anapapasa gizani, anamshika mtoto shingoni kuona kama ana jasho baridi. Akilikuta, sukari ipo kwenye kikombe pembeni ya kitanda, imeshakorogwa tangu jioni.